Mashine ya Mabuyu Kutoka Italia

Mashine ya kwanza niliyoisanifu peke yangu, kuanzia mstari wa kwanza wa mchoro hadi skrubu ya mwisho, ilikuwa baharini kwa majuma kadhaa bila kuondoka Riruta. Ilisimama kwenye kona ya karakana yetu, nyuma ya rundo la mabomba, imefunikwa turubai la buluu na kufungwa kamba. Ilikuwa imekamilika, imejaribiwa, imesafishwa na kupakwa rangi. Kilichobaki ni kungoja tu, kwa sababu mteja alikuwa ameambiwa kwamba inasafirishwa kwa meli kutoka Italia, na hakuna meli itokayo Italia ikafika kwa siku mbili.

"Masters, usiegemee hiyo kitu," mchomeleaji mkuu aliniambia asubuhi moja nilipoweka mkoba wangu juu ya turubai. "Iko kwa maji. Utalowa."

Wenzake waliangua kicheko. Walikuwa wakiniita Masters tangu waliposikia kwamba kila jioni nilikwenda chuo kikuu kusomea shahada ya pili. Mchomeleaji huyo alitoka magharibi mwa nchi, alikuwa na sauti ya mwimbaji wa kwaya, na kweli Jumapili aliimba kwaya. Kila asubuhi alitangaza mahali ilipofika meli kama msomaji wa taarifa ya habari.

"Leo tumepita Suez."

"Na jana je?"

"Jana kulikuwa na mawimbi mbaya. Captain alitapika mpaka akaitisha maziwa."

Nami nilicheka. Nalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa ninavyolisimulia sasa mtu anaweza kudhani kwamba nilikuwa na uchungu tangu mwanzo. Sikuwa nao. Kwa muda fulani niliona ni mchezo wa watu wazima, na nilijihesabu miongoni mwa wachezaji.

Kampuni yetu hutengeneza mashine za kuagizwa, yaani zile ambazo hazipo dukani. Mtu huja na shida yake: anataka kitu cha kumenya, cha kukamua, cha kujaza chupa zenye shingo isiyo ya kawaida. Sisi tunapima, tunachora, tunakata chuma. Karakana iko Riruta, ndani ya ua wenye lango lisilo na kibao. Ofisi ya kuonyeshea iko Westlands, katika jengo la vioo, na ina zulia na mashine ya kahawa. Mteja hupelekwa Westlands. Hakuna mteja aliyewahi kuletwa Riruta.

Mwenye kampuni alinieleza sababu yake siku moja tukiwa tumekwama kwenye foleni ya magari pale Westlands, na nakiri kwamba maelezo yake yalikuwa na mantiki. Zamani, alisema, alikuwa akiuza mashine zake kwa jina lake. Wateja walizipunja bei kama wanaonunua geti la nyumba. Kisha, zikitoa mlio wowote, walimpigia simu kwa matusi.

"Mashine ya Mkenya ikipiga kelele, imeharibika," alisema. "Ya mzungu ikipiga kelele, inafanya kazi. Sasa Injinia, wewe ungefanya nini?"

Alichofanya yeye mafundi walikuwa na neno lake: kubatiza. Mashine iliyokamilika husuguliwa kwa grenda mpaka alama za kuchomelea zipotee. Hupakwa rangi ya kijivu inayoelekea ukijani, ambayo karakana nzima huiita rangi ya Ulaya. Kisha hupigiliwa kibati cha alumini chenye jina la kampuni ya Italia isiyokuwepo, kilichochongwa katikati ya jiji na watu wale wale wanaochonga vikombe vya zawadi za mashindano ya shule. Mwisho hufungwa ndani ya sanduku la mbao lenye mishale ya kuonyesha upande wa juu. Halafu husafiri baharini, pale pale ilipo.

Mteja wangu alikuwa mama mmoja wa Pwani. Familia yake ina duka la vitu vitamu katikati ya jiji, na jiko lao la kupikia liko Kinoo, katika ghala lililo hatua chache kutoka barabara kuu. Alitaka mashine ya kupika mabuyu. Kila mtu aliyesoma shule ya msingi Nairobi anayajua mabuyu kwa ulimi wake: mbegu ile yenye unga mchachu, imevishwa sukari, pilipili kidogo na rangi nyekundu inayogoma kutoka vidoleni. Kule Kinoo wanawake walikuwa wakiyageuza katika masufuria makubwa kwa miiko mirefu, na mabega yao yalikuwa yamekwisha kwa kazi hiyo.

Nilipokwenda Kinoo kupima na kuishika shida ile, niliona jinsi ilivyokuwa nzuri. Natumia neno hili kwa uangalifu. Mbegu ya mbuyu ukiigeuza kwa nguvu, unga wake hubanduka, huingia kwenye shira, na unabaki na uji mwekundu wenye mawe. Ukiigeuza polepole, mbegu hushikana na kuwa tonge moja. Zipo mashine za kigeni za kuvisha lozi sukari, lakini lozi ni laini mwilini. Haina unga wa kupoteza. Nilinunua mabuyu ghafi sokoni, nikayasugua, nikayapima, nikayatafuna. Wiki nzima ulimi wangu ulikuwa mwekundu na walinzi wa chuo walikuwa wakinitazama kwa huruma. Mwishowe nikapata jibu: pipa lililoinama, linalozunguka upande mmoja, linalotulia kidogo, kisha linalorudi upande wa pili, na ndani yake mapezi yaliyopinda ambayo huinua mbegu badala ya kuzisukuma. Kule kutulia ndiko kulikokuwa siri yote. Katika kutulia kule shira ilipata nafasi ya kushika.

Hilo likawa somo la tasnifu yangu. Idara iliniwekea sharti moja zito, na sharti lenyewe halikuwa la uonevu: mashine iwe inafanya kazi kwa mtumiaji halisi, na mtumiaji huyo athibitishe kwa maandishi kwamba ilisanifiwa na mwanafunzi. Bila uthibitisho huo, nilichonacho ni michoro tu, na michoro kila mtu anayo. Muda wangu wa masomo ulikuwa umeshaongezwa mara moja, usingeongezwa tena. Ama mashine ile itambulike kuwa yangu, ama shahada iende zake.

Nilikwenda Westlands nikamwomba mwenye kampuni ruhusa ya kumweleza mteja ukweli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia hofu.

"Ukimwambia mmoja, umewaambia wote," alisema. "Hawa watu wa town wanajuana. Kesho nikose oda, nitawaambia nini wale watu wa Riruta? Kwamba Injinia alikuwa anataka kuvaa joho?"

"Lakini si kweli kwamba imetoka Italia."

"Giaboksi imetoka wapi?"

Giaboksi ilikuwa imetoka Italia kweli. Niliichagua mwenyewe kutoka kwenye katalogi.

"Basi," akasema, "si uongo. Ni kufupisha."

Usiku huo, na siku nyingi baadaye, nililipima neno lake kama mtu anayepima shimo lililotobolewa pembeni. Ni sehemu gani ya mashine inayotosha kuipa mashine uraia? Kwa uzito, giaboksi ilikuwa kitu kidogo sana. Kwa gharama, haikuwa ndogo. Mota ilitoka China, lakini hakuna aliyependekeza tuiite mashine ya Kichina. Chuma kilitoka kwa muuzaji wa Nairobi ambaye naye alikinunua nje. Nilipoondoa mwilini mwa mashine kila kitu kilichotoka ng'ambo, kilichobaki kuwa cha hapa ni jasho la wachomeleaji, na ule mtulio wa pipa, ambao hauna uzito wowote.

Siku ilipotimia, mchomeleaji alitangaza kwamba meli imetia nanga Mombasa, kwamba ushuru umelipwa, na kwamba kuna ofisa wa forodha aliyetaka chai akanyimwa. Turubai likafunuliwa, sanduku likapigiliwa, na mashine ikapelekwa Kinoo kwa lori. Mimi nilitumwa kwenda kuifunga, nikiwa nimevaa koti jeupe lenye jina la Kiitaliano kifuani. Kazi yangu, kama nilivyoagizwa, ilikuwa kufunga, kuonyesha na kutojua mengi.

Sehemu ya kutojua ndiyo iliyonishinda. Mashine ilipoanza, ilifanya nilichokuwa nimekiota. Mabuyu yaliinuka, yakaanguka, yakatulia, yakarudi, yakatoka moja moja, mekundu, makavu, bila kushikana hata mawili. Wanawake waliokuwa wakishika miiko walisogea karibu. Mmoja alipiga kigelegele.

"Mashallah!" mama akasema. "Mwanangu, hebu niambie, kwa nini yasimama kidogo kisha yarudi?"

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na sura nzima ya tasnifu kuhusu swali hilo.

"Nitawauliza waliotengeneza," nikasema.

"Waulize," akasema, akageuka kuonja mabuyu yake.

Nilirudi Riruta nikiwa mgonjwa. Mchomeleaji aliniuliza kama Waitaliano wamefurahi. Nikamwambia aniache.

"Masters, unalilia nini? Mimi nimechomelea mashine mingi imeandikwa Ujerumani. Hata pasipoti sina." Akavuta kofia yake ya kuchomelea usoni, kisha akaifunua tena. "Mshahara huwa inaingia kwa jina yangu. Hiyo inanitosha."

Sikuwa na haki ya kumwambia kwamba haikupaswa kumtosha, na wala sikuamini kwamba ilikuwa ikimtosha.

Nilifanya uamuzi kinyume cha amri. Jumamosi moja, majira ya adhuhuri, nilikwenda Kinoo bila koti jeupe. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango wa ghala, akifunga mabuyu katika vifuko kwa moto wa mshumaa, kwa mazoea tu, kwa kuwa mashine ya kufungia vifuko alikuwa nayo. Nilimwamkia. Akanipa kigoda.

"Mama, nina neno."

"Sema, mwanangu."

"Ile mashine haikutoka Italia. Niliichora mimi. Imetengenezwa Riruta."

Aliendelea kufunga kifuko alichokuwa nacho mpaka kikashikana.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Kwani Italia kuna mabuyu?" Akacheka mpaka mtandio ukamteleza. "Siku ile ulokuja kupima, ulikula mabuyu yangu bakuli zima huku waandika. Nikamwambia msichana wangu, huyu hapimi, huyu atunga kitu. Halafu watu wa Italia wajue unga wa mbuyu wapomoka ukigeuzwa? Nani kawaambia, majini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa kufukuzwa. Kwa kicheko sikuwa nimejiandaa. Nilimweleza habari ya tasnifu, ya idara, ya uthibitisho; kwamba nilihitaji maneno machache tu na sahihi yake. Alisikiliza kwa makini sana, na nilipomaliza alinishika mkono kwa vidole vyake vyekundu.

"Sikiliza, mwanangu. Biashara hii si yangu peke yangu. Nina ndugu zangu wanaume, wako mjini, hapa Kinoo hawatii mguu. Niliwaomba mashine miaka, wakasema wanawake wageuze kwa miiko kama bibi zao. Waliposikia Italia, siku hiyo hiyo wakakubali. Na hawa wa supamaketi walipokuja kukagua jiko, kitu cha kwanza walichokipiga picha ni kile kibati. Nikikuandikia karatasi, karatasi ina miguu. Itakwenda ifike kwao."

"Haitafika, mama. Itakaa chuoni."

"Hata wewe ulisema utawauliza waliotengeneza," akanijibu kwa upole. "Watu wote wasema kitu, mwanangu. Kazi yako nzuri, wallahi nzuri. Nitakuombea dua kila Ijumaa. Sahihi siwezi."

Alinipa kifuko cha mabuyu. Nilikipokea, maana kukataa kungekuwa ufidhuli.

Nikiwa nimesimama kando ya barabara pale Kinoo, magari yakipita kwa kasi kuelekea mjini, nilijaribu kumtafuta aliyedanganywa. Mwenye kampuni alijua. Mafundi walijua. Mteja alijua tangu siku ya kwanza, na pengine mwenye kampuni alijua kwamba mteja anajua. Waliobaki ni wanaume wachache ambao hawakuwahi kuiona mashine, na wapiga picha wa supamaketi. Uongo ule ulikuwa umejengwa kwa ajili ya watu wasiokuwepo, na ulikuwa imara kuliko chuma. Kama kungekuwa na mtu mmoja wa kumfumbua macho, ningemfumbua.

Msimamizi wangu wa tasnifu ni mtu mwenye subira, na nilimweleza yote ofisini kwake. Nilimpelekea michoro. Aliigeuza ukurasa mmoja baada ya mwingine.

"Jina lako liko wapi?"

Michoro ya kampuni hubeba jina la kampuni tu. Ndiyo kanuni ya ofisi.

"Fikiri kama mtahini," akasema. "Anakwenda Kinoo. Anakuta mashine yenye kibati cha Italia. Mwenye mashine anasema ni ya Italia. Muuzaji anasema ni ya Italia. Halafu kuna mwanafunzi mwenye michoro ya mashine hiyo hiyo, anayesema ni yake. Mtahini ataandika nini?"

Ataandika kwamba mwanafunzi ameiba.

Tangu niingie shule nilifunzwa kwamba ukweli una faida moja juu ya uongo: unaweza kupimwa. Wangu ulikuwa umepimwa kila upande, na kila kipimo kilionyesha kwamba mimi ndiye mwongo.

"Badilisha anwani ya tasnifu," msimamizi akaendelea. "Acha usanifu. Andika tathmini: utendakazi wa mashine kutoka nje katika mazingira yetu. Takwimu unazo. Hakuna atakayeuliza mashine ni ya nani. Watu wengi humu ndani wamepata shahada kwa kupima mashine za wengine."

"Lakini hii si ya wengine, Daktari."

"Najua," akasema. Alikuwa mtu wa pili kuniambia neno hilo, na kama yule wa kwanza, alilisema kwa wema.

Nilibadilisha. Niliifuta sura nzima ya usanifu, na mahali pake nikaandika jinsi mashine ilivyonunuliwa. Kila penye nafsi ya kwanza niliweka mtengenezaji. Niliisifu pale ilipostahili sifa, na kwa kuwa tathmini haina budi kuwa na ukali kidogo, niliikosoa pia: nikaandika kwamba mlango wa kutolea mabuyu uko chini mno kwa kimo cha watumiaji. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekosea pale, na nilitamani kwamba ningeruhusiwa kulidai hata kosa lile.

Siku ya utetezi, mtahini mmoja alipendezwa sana na ule mtulio wa pipa. Aliomba nirudishe picha yake ukutani.

"Kwa nini waliamua hivi?"

"Mtengenezaji hajaeleza," nikasema. "Lakini inaelekea kwamba kipindi cha kutulia kinaipa shira nafasi ya kushika kabla unga haujabanduka."

"Usikisie," akanionya, si kwa ubaya. "Wenzetu wana sababu zao, na pengine wana hataza ya kulinda uvumbuzi wao. Jifunge kwenye ulichokipima."

Nikamshukuru. Nikajifunga kwenye nilichokipima. Baada ya nusu saa ya kungoja kwenye korido, waliniita ndani na kunipongeza: nimefaulu, kwa sharti la masahihisho madogo. Kubwa kati ya hayo madogo lilikuwa kwamba picha na vipimo vya mashine ni mali ya kampuni ya kigeni, na kwa hiyo nilete ruhusa ya maandishi ya mtengenezaji kabla tasnifu haijawekwa maktabani.

Nilipeleka habari hiyo Westlands. Mwenye kampuni alisimama akanishika mkono kwa mikono miwili. Alifurahi kwa dhati, aliagiza keki. Alipoisikia habari ya ruhusa hakushangaa hata kidogo.

"Hiyo tu? Kaa hapo uandike barua yao. Kiingereza yako ni ya chuo, yangu watajua ni ya Riruta. Mimi nitaweka muhuri."

Nikaketi kwenye meza ya kioo. Iliniwia vigumu kuanza, kwa sababu sikujua Waitaliano huanza barua zao kwa salamu gani. Kisha maneno yakaja yenyewe, yenye adabu na baridi kidogo. Niliandika kwamba kampuni imesoma ombi la mwanafunzi kwa furaha. Kwamba inamruhusu kutumia picha na vipimo kwa masomo tu. Na kwamba haki zote za usanifu wa mashine zinabaki kwa mtengenezaji, wala mwanafunzi asizidai kwa namna yoyote.

Mwenye kampuni alisoma akiwa amesimama, keki mkononi.

"Hii iko sawa kabisa, Injinia," akasema. "Inakaa ni wao wenyewe wameandika."